Nani ameshika ufunguo wa mota za ndege nyuki?

Mwezi Juni 2024 mradi wa BLHeli_32 ulifungwa. Jina hilo halijulikani mitaani, lakini kwa takriban miaka saba programu hiyo, iliyoandikwa Norway na kuuzwa kwa leseni, ilikuwa ndani ya vidhibiti kasi, yaani vifaa vinavyoendesha mota, vya ndege nyuki nyingi zinazoundwa na mafundi badala ya kununuliwa zikiwa kamili. Ulipofungwa, viwanda havikupata tena leseni mpya na marekebisho yakakoma. Vidhibiti vilivyokwisha kuuzwa viliendelea kuzungusha mota kama kawaida, ila kasoro ikigundulika leo hakuna wa kuisahihisha, kwa sababu msimbo wa programu hiyo haukuwahi kutolewa hadharani. Hoja yangu inaanzia hapo. Anayechagua vidhibiti kasi vya ndege nyuki itakayofanya kazi mbali na maduka ya spea asianze kwa kuuliza ampea ngapi wala bei gani. Aulize kwanza kama programu iliyomo ndani inaweza kufutwa na kuwekwa upya na fundi aliye karibu, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote aliye ng'ambo.

Tuchukue Rudewa. Iko kwenye barabara ya Dumila hadi Kilosa, kilomita 45 kutoka Dumila na 24 kabla ya Kilosa mjini, katika bonde la mkonge, mahindi na mpunga. Kazi za ndege nyuki katika bonde hili zipo na zinaeleweka, ya kwanza ikiwa ni kupiga ramani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imekabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji isimamie kwa niaba ya wanakijiji, na usimamizi huo hauwezekani pasipo mipaka inayojulikana na mpango wa matumizi ya ardhi. Kilosa inajua gharama ya kutokuwa navyo. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Ramani peke yake haimalizi ugomvi wa maji na malisho, na ramani iliyochorwa kwa upendeleo inaweza kuuchochea. Lakini mazungumzo yanayoanza na picha ambayo pande zote mbili zinaitambua ni bora kuliko yanayoanza na kumbukumbu zinazopingana. Kuna mafuriko pia. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakayahama makazi yao na reli ya kati ikasombwa. Na upande wa kusini kuna Mikumi, hifadhi ya taifa tangu 1964, ambayo tembo wake hawaujui mpaka wa hifadhi na shamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Oryx, uliofanyika pembezoni mwa hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kwamba askari wanyamapori wanaweza kutumia ndege nyuki kuwaondoa tembo mashambani.

Kazi zote hizo zina sharti moja: ndege ipatikane siku inapohitajika. Picha ya mafuriko iliyopigwa wiki tatu baadaye inaonyesha tope. Ndege iliyokwama Dar es Salaam ikisubiri spea kutoka Shenzhen haimfukuzi tembo aliyeingia kwenye mahindi usiku huu.

Ndege nyuki ya mota nne haina bawa la kuishikilia hewani. Inabaki juu kwa tofauti ndogo ndogo za kasi kati ya mota zake, zinazorekebishwa mamia ya mara kwa sekunde. Kompyuta ya urukaji huamua. Kidhibiti kasi, ambacho mafundi hukiita ESC, hutenda. Hupokea umeme wa betri na kuupeleka kwa zamu kwenye waya tatu za mota, kikitumia transista sita, mbili kwa kila waya. Mota hizi hazina brashi, kwa hiyo kidhibiti lazima kijue sumaku imefika wapi kabla ya kubadili zamu, na aghalabu hakuna kihisi cha kukieleza. Kinachofanyika ni kupima volti inayozalishwa na mota yenyewe kwenye ule waya ambao kwa nukta hiyo haujapewa umeme. Kipimo kikikosewa, zamu huvurugika, mota hukoroma kisha husimama. Ndege ya mota sita au nane huweza kustahimili pigo hilo. Ya mota nne huanguka, pamoja na kamera ambayo pengine ilichangiwa na kikundi kizima. Hesabu ya lini kupima, lini kubadili zamu na lini kukata umeme yote imo katika programu, na ndiyo maana vidhibiti viwili vyenye transista zilezile vinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

Historia inathibitisha hilo. Vidhibiti vya mwanzo vilitengenezwa kwa ajili ya ndege za mabawa za michezo, ambazo mota yake haina haja ya kubadili kasi upesi. Programu zake zililainisha amri kwa makusudi, nazo amri zenyewe zilifika mara 50 hivi kwa sekunde. Mota nne zikipewa vidhibiti vya namna hiyo, ndege huyumba, maana sahihisho hufika wakati kosa limekwisha kugeuka kosa jingine. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Simon Kirby wa Canada alisambaza programu iliyokuja kuitwa SimonK: aliondoa ulainishaji huo na kuruhusu amri zaidi ya 400 kwa sekunde. Karibu na wakati huohuo Steffen Skaug wa Norway aliandika BLHeli, kwanza kwa helikopta ndogo za michezo. Zote mbili zilikuwa huria; yeyote aliruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Kidhibiti cha bei ya chini kilichokuwa hakifai kwa ndege nyuki kikafaa baada ya kuflashiwa tu, yaani kuwekewa programu nyingine, bila kubadilishwa hata transista moja. Mwaka 2016 ikaja BLHeli_S, na karibu na hapo mfumo wa DShot, ambao hutuma amri kama tarakimu: biti 16, kati ya hizo 11 za kasi, moja ya kuomba taarifa na 4 za kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Kisha BLHeli_32 ikafunga mlango uliokuwa wazi. Ilikuwa programu nzuri, sina haja ya kuibeza, na wengi waliilipia kwa hiari. Lakini Juni 2024 ilipofika, waliokuwa na vidhibiti vya BLHeli_S, vya kizazi kilichoonekana kupitwa na wakati, walikuwa na Bluejay, programu huria inayoingia kwenye chipu zilezile. Waliokuwa na vya BLHeli_32 wakabaki na kilichokuwemo. Baadhi ya vidhibiti hivyo vinaweza kuhamishiwa AM32, programu huria ya chipu za biti 32, ila chipu zake zimefungwa zisisomwe: fundi hana budi kugusa vidoa vidogo vya shaba kwenye bodi kwa kifaa cha kuandikia chipu kama ST-Link, afute kila kitu, na asahau kurudi alikotoka.

Mfano wa upande wa pili ni wa kampuni ya 3D Robotics ya California, iliyoacha kutengeneza ndege nyuki mwaka 2016, muda mfupi baada ya kuingiza sokoni ndege iitwayo Solo. Kwa kawaida huo ungekuwa mwisho wa kila Solo duniani. Lakini Solo iliendeshwa na ArduPilot, programu ya urukaji ambayo ni huria, na mwaka 2017 watumiaji wakatoa toleo lao, Open Solo, wakarekebisha kasoro ambazo kampuni ilikuwa imeziacha. Umiliki wa kampuni hubadilika hata pasipo kufa kwa kampuni. Mradi wa kupiga ramani Unguja na Pemba ulioanza 2016 ulitumia ndege za mabawa aina ya eBee za senseFly ya Uswisi; mwaka 2021 senseFly ikanunuliwa na AgEagle ya Marekani. Hakuna ubaya uliotendeka hapo, lakini mnunuzi wa kijijini hana kauli yoyote katika maamuzi ya namna hiyo, naye ndiye atakayebaki na mashine.

Sharti la programu likitimia, ndipo ampea zihesabiwe, na hapa wengi hununua zaidi ya mahitaji. Tuseme ndege ya kupimia mashamba ina uzito wa kilo 2 pamoja na kamera na betri, mota nne, propela za inchi 12 au 13, betri ya seli nne. Kila mota hubeba gramu 500 ikiwa imetulia hewani. Mota na propela zilizochaguliwa vizuri huinua takriban gramu 8 kwa kila wati, kwa hiyo zinahitajika wati 60 hivi kwa mota, yaani ampea 4 kwa volti 15. Ikilazimika kuinua mara mbili ya hapo kupambana na upepo, ufanisi hushuka na mahitaji huweza kufika ampea 12 hivi. Kidhibiti cha ampea 30 kinatosha na kubaki. Cha ampea 60 ni uzito na fedha zisizo na kazi, tena fedha ambazo zingenunua kidhibiti cha akiba. Kuna tahadhari moja: namba iliyochapwa kwenye kidhibiti hutegemea upepo wa propela ukipita juu yake, na mara nyingine ni namba ya mpigo wa sekunde chache badala ya ile ya kudumu. Kidhibiti kilichofichwa ndani ya mkono wa plastiki, katika joto la Kilosa la Oktoba na Novemba, hakipati upepo huo. Kapasita zake huumia kwanza, kwani kwa kanuni inayotumiwa na mafundi wa elektroniki maisha ya kapasita ya aina hiyo hupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka nyuzi 10. Waya za kutoka betri hadi kwenye kidhibiti zisirefushwe ovyo, maana kila umeme unapokatwa waya ndefu hurusha volti ya ghafla inayoweza kuua transista. Ni afadhali kurefusha zile tatu za mota, au kuongeza kapasita ya ziada jirani na kidhibiti.

Sasa kuflashi kwenyewe. Kazi hii si ngeni nchini. Fundi simu wa Kariakoo amekuwa akiflashi simu tangu enzi za simu za vitufe, na anayeweza kuifufua simu iliyokwama kwenye nembo ana nidhamu inayotakiwa: kutambua modeli kamili, kutafuta faili sahihi, kutokata umeme katikati ya kazi. Tofauti ni kwamba simu iliyopewa faili lisilo lake kwa kawaida haiwaki tu. Kidhibiti kilichopewa faili lisilo lake huweza kuwaka moto. Sababu ni zile transista mbili za kila waya. Moja huunganisha waya na upande chanya wa betri, ya pili na upande hasi, na zikifunguka zote mbili kwa pamoja betri nzima hupita ndani yake kama mzunguko mfupi. Programu huzuia hilo kwa kusubiri kidogo, kwa muda unaopimwa kwa nanosekunde, ili ya kwanza ijifunge kabisa kabla ya pili kufunguka. Kwa hiyo faili la BLHeli_S lenye jina kama A-H-30 lisomwe herufi kwa herufi: A ni mpangilio wa miguu ya chipu, H ni aina ya chipu (L ni ile ya megahezi 24, H ya 48), na 30 ni kipimo cha kusubiri huko. Mtu akiweka 5 mahali pa 30 kwa kuwa alisikia namba ndogo huipa mota mwitiko mzuri, transista zinaweza kuungua ndani ya sekunde ya kwanza. Usomwe kwanza ujumbe unaotolewa na kidhibiti chenyewe kikiunganishwa na kompyuta. Jina lililo kwenye tangazo la muuzaji halitoshi.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Vidhibiti vya kisasa huflashiwa kupitia kompyuta ya urukaji, kwa waya wa USB uleule wa kuchajia simu. Vya zamani vyenye chipu za Atmel huhitaji kifaa kidogo cha kuandikia, na hata bodi ya Arduino ya bei ya chini hutosha. Mafaili yapakuliwe mapema mjini kwenye mtandao wa uhakika na kutunzwa kwenye fleshi, pamoja na toleo la programu ya kompyuta iliyotumika. Propela zitolewe, kila mara, bila ubishi. Umeme wa kwanza baada ya kuflashi upitie kwenye balbu ya gari ya volti 12 iliyofungwa kwa mfululizo na betri ya seli tatu: balbu ikimulika kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mzunguko mfupi, na kilichopotea ni dakika mbili. Ikimulika kidogo kisha ikazima, kidhibiti kiko salama kujaribiwa kwa mwendo mdogo.

Si kila kidhibiti kinastahili kuguswa. Kama ndege inaruka kwa utulivu, vidhibiti havipati joto kupita kiasi na hakuna kasoro inayojulikana ya programu yake, viachwe. Toleo jipya kwa sababu tu ni jipya halina faida kwa anayepima mashamba. Sababu nzuri za kuflashi ninaziona kuwa tatu hivi: mota inayopoteza mwendo propela kubwa inapoharakishwa, programu ya kiwandani iliyokosa mtengenezaji, au haja ya kusoma kasi halisi ya kila mota. Hii ya mwisho inathaminiwa kidogo kuliko inavyostahili. Bluejay na AM32 hurudisha taarifa ya mizunguko kwenye waya uleule wa amri, na kompyuta ya urukaji huiandika kwenye kumbukumbu. Mota moja ikizunguka kwa kasi zaidi ya wenzake wakati ndege imetulia, ama mkono umepinda, ama propela imelika, ama mzigo umekaa upande. Yote hayo huonekana siku kadhaa kabla ya ajali, kwa mwenye mazoea ya kusoma kumbukumbu. Kuhusu mipangilio, ya mbio za mashindano isiigwe. Breki kali inayosimamisha propela ndogo kwa haraka, ikiwekwa kwenye propela ya inchi 13, hurudisha umeme kwenye nyaya na kupandisha volti. Na kwa mota kubwa zinazozunguka taratibu, kukata umeme mara elfu 24 kwa sekunde mara nyingi kunatosha, hakuna haja ya elfu 96.

Pingamizi la kwanza, na zito, ni kwamba ndege iliyokamilika kutoka kampuni kubwa kama DJI huruka vizuri zaidi ya kitu kilichounganishwa na vijana mezani. Ni kweli. Kwa halmashauri yenye bajeti ya kubadilisha ndege kila baada ya miaka michache, na wakala wa kampuni anayepigiwa simu, ninge­kubali inunue hiyo. Lakini vidhibiti vya ndege hizo huzungumza lugha ya kampuni peke yake. Kimoja kikifa, hubadilishwa kwa spea ya kampuni au ndege nzima hugeuka chuma chakavu. Kikundi cha wakulima hakilinganishi ubora wa siku ya kwanza. Kinalinganisha idadi ya siku za kazi katika miaka mitano.

Wapo watakaosema kwamba mashine iliyobadilishwa programu haina dhamana ya mtu, na ikianguka juu ya mtoto nani atajibu. Anayejibu ni mwendeshaji, kama ilivyo sasa. Kanuni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, zinamtaka awe na kibali kabla ya kuruka, na ndani ya hifadhi kama Mikumi haruki pasipo idhini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kuflashi hakumwondolei hata sharti moja. Kinyume chake, fundi anayeflashi anaweza kuweka daftari: kidhibiti kipi, toleo gani la programu, tarehe gani, kilijaribiwa kwa saa ngapi. Mwenye mashine iliyofungwa hawezi kumwonyesha mkaguzi kilichomo ndani yake hata akitaka.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la silaha. Vita vya Ukraine vimeonyesha wazi kwamba ndege ndogo zilizounganishwa kwa vipuri vya soko huria, zikiwa na programu hizihizi, huua watu kila siku. Programu huria haichagui mtumiaji, na sitaki kulipunguza jambo hilo. Ila kuinyima Rudewa hakuzuii vita popote, kwa kuwa wenye majeshi wana fedha za kuandika programu zao, ilhali wenye mashamba hawana. Udhibiti unaofaa ni wa kujua nani anarusha nini na wapi, nao uko mikononi mwa mamlaka zilizokwishatajwa.

Linabaki suala la ujuzi, na hapa jibu liko ndani ya mkoa wenyewe. Mikumi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA chenye desturi ya kufundisha umeme na magari, na Morogoro mjini kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho kazi zake za misitu na mazao zinahitaji picha za angani. Meza moja ya kufundishia ingehitaji kompyuta ya kawaida, pasi ya kuchomelea risasi, kipimo cha umeme, balbu ya gari, mota chache zilizotumika, na vidhibiti vya chipu za aina mbili: vya BLHeli_S vinavyokubali Bluejay na vya AM32. Vichache kati yake viunguzwe kwa makusudi, chini ya usimamizi, kwa faili lenye namba ndogo ya kusubiri, ili wanafunzi waione transista ikifa na wajue harufu yake. Ndege ya kwanza ikae mezani bila propela muhula mzima. Ya kuruka ifuate baada ya kibali cha TCAA.